Kisahani

Nilipofika Mkomani na begi mgongoni
watoto walinifuata waone nitatoa nini.
Nikatoa fimbo, nikatoa betri, nikatoa sahani kubwa,
upana wake sinia la pilau ya watu wanne.
Wakasema: naam, hii itaona mpaka kuzimu.

Dari la Bi Zenabu Famau lilianguka mwezi wa Mlisho:
boriti tano, chokaa, matumbawe,
na misumari ya miaka mia.
Chini ya hayo, au ndani ya hayo, au pengine popote,
kipini chake cha pua,
dhahabu isiyofika uzito wa punje tatu za mchele.
"Kilinidondoka nikitawadha," alisema,
"dari likingali zima."
Miaka kumi na tisa.

Nikawasha. Sinia likapiga kelele
kama kuku waliotupiwa mtama.
Kila hatua msumari, kila msumari una ndugu,
na mashine, maskini, iliwasikia wote kwa pamoja
ikanipa sauti moja iliyovunjika, isiyo ya yeyote.

Basi nikalegeza parafujo,
nikavua sinia, nikavisha kisahani,
inchi tano, cha kuwekea kikombe cha kahawa.
Waya nikauzungusha kwenye fimbo, duru kwa duru,
ukaze lakini usikabe,
maana waya unaochezacheza nao hujidai dhahabu.

Watoto wakacheka. Mmoja, Bunu, akauliza
kama ile kubwa imezaa.

Sikiliza, Bunu. Hiki hakifiki chini sana.
Kitu kikizikwa mkono mzima, hiki hakina habari.
Kule Shela, kwenye mchanga mtupu, kingenichosha bure,
ningeshinda kutwa nikifagia eneo la mkeka.
Lakini hapa penye takataka,
kati ya jiwe na jiwe, nyuma ya birika,
kinaingia kama mkono wa mtoto mtungini.
Msumari ukinung'unika huku, dhahabu ikinong'ona huku,
vidole vinne katikati yao,
hiki humpa kila mmoja zamu yake ya kusema.

Bei yake ni subira.
Kila mfagio ulalie nusu ya mfagio uliopita,
karibu na sakafu bila kuigusa.
Nikapunguza ukali pia,
kwa kuwa chumvi ya kuta hizi hupenda kuitika
hata alipoitwa mwingine.

Kizibo cha soda. Wembe. Pini ya nywele.
Senti ya tundu, imeota kijani.
Kizibo. Adhuhuri. Kizibo.
Jasho likajaa ndani ya hedifoni.
Bunu peke yake ndiye aliyebaki, hacheki tena,
ananishikia kopo la misumari.

Saa tisa, kwenye ufa chini ya kidaka,
kati ya misumari miwili iliyolala
kama mume na mke waliokasirikiana,
sauti. Nyembamba, fupi, safi.
Nikapita tena. Ipo.
Nikageuka robo, nikapita kwa ubavu. Ipo.
Nikachokoa kwa kijiti, si kwa chuma.

Bi Zenabu hakukivaa. Tundu la pua liliziba zamani.
Alikisuuza kwa maji ya birika, akakitia kiganjani,
akakitazama kama mtu anayesoma risiti.
"Kwa ajili ya hichi," akasema,
"Mwanatumu sikumzika."

Hakusema Mwanatumu ni nani.
Bunu, aliyekuwa hajazaliwa, akatazama miguu yake.

Kisha akanionyesha sinia lililoegemea ukuta.
"Na hiyo kubwa, hufika wapi?"
Nikamwambia: mkono mmoja, bibi. Ardhi ikikubali, mmoja na nusu.

Akaitikia kwa kichwa, polepole,
kama aliyeulizia nauli akaona haimudu,
akaenda jikoni kututafutia chai.

Nikaukunjua waya, duru kwa duru.